KUMSAFIRISHA MBWA AU PAKA KWA NDEGE

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Baada ya matangazo, mwalimu asome tena polepole, na wanafunzi wafuate kwa kidole.)

Natumaini mmekwisha kaa, na kila mtu ana daftari na kalamu yake. Leo tuna hesabu, kwa hiyo kalamu ziwe tayari.

Somo letu la leo ni habari za kumsafirisha mnyama wa nyumbani kwa ndege. Labda mmoja wenu anacheka na kusema, "Mimi mwenyewe sijapanda ndege, sembuse mbwa wangu!" Cheka, ndugu, lakini sikiliza. Siku hizi wengi wetu tuna watoto au ndugu wanaokaa ng'ambo. Wengine twafanya kazi katika nyumba za wageni, na mgeni akihama hutuachia kazi ya kumpeleka paka wake kwa daktari na kiwanja cha ndege. Tena somo hili lina faida nyingine. Litakuonyesha jinsi mtu anayejua kusoma tarehe na tarakimu anavyoweza kujilinda asipate hasara kubwa.

Tuseme kuna mama mmoja huko Moshi. Mumewe amefariki, na binti yake ameolewa Ujerumani. Mwezi wa Juni binti anampigia simu, "Mama, njoo ukae nasi. Nimekwisha kununulia tikiti, tarehe 1 Septemba." Mama anafurahi. Lakini anaye mbwa wake, jina lake Simba, aliyelinda nyumba na migomba kwa miaka sita. Mama asema, "Simba simwachi. Naye ana chanjo, alichomwa mwezi wa Februari pale kijijini." Je, mama huyu na Simba wataweza kupanda ndege tarehe 1 Septemba? Wekeni swali hilo moyoni. Tutalijibu pamoja.

KWA NINI KUNA SHERIA

Kwanza tujue sababu. Sheria hizi hazikutungwa ili kumsumbua mwenye mbwa. Sababu kubwa ni ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Mtu akiumwa na mbwa mwenye kichaa, akakaa bila kupata chanjo mpaka dalili zikaonekana, karibu hapana tena dawa ya kumponya. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu 59,000 hivi hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia. Na katika watu 100 wanaougua, karibu 99 wameupata kwa mbwa.

Nchi nyingi za Ulaya zimefanya kazi kubwa ya kuufukuza ugonjwa huu. Huko hata mbweha wa porini walichanjwa. Chanjo ilitiwa ndani ya chambo, chambo kikatupwa msituni, mbweha wakala wakapata kinga. Mwaka 2008 Ujerumani ilitangazwa kuwa imeuondoa ugonjwa huo kwa wanyama wa nchi kavu kama mbwa na mbweha. Basi ukitaka kumwingiza mbwa kutoka nchi ambako kichaa kingalipo, wenyeji watakuuliza, "Una hakika gani kwamba mbwa wako hana?" Nao wana haki kuuliza. Mbwa aliyeumwa leo aweza kuonekana mzima kwa majuma mengi, hali ugonjwa umo ndani unamnyemelea. Kwa hiyo watataka vyeti, na watataka siku zipite.

HATUA TANO

Sasa tutazame hatua za kumpeleka mbwa au paka kutoka Tanzania au Kenya mpaka nchi za Umoja wa Ulaya. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni.

Hatua ya kwanza ni chipu. Hiki ni kidude kidogo, ukubwa wake kama punje ya mchele. Daktari wa mifugo hukiingiza chini ya ngozi ya shingo kwa sindano. Ndani yake mna namba yenye tarakimu 15. Daktari akipitisha kifaa chake juu ya ngozi, namba huonekana.

Hatua ya pili ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Mnyama awe na umri usiopungua wiki 12. Hapa angalieni sana: chipu hutangulia, chanjo hufuata. Zaweza kufanywa siku moja, lakini chipu iwe ya kwanza. Chanjo iliyochomwa kabla ya chipu haihesabiwi, maana hakuna awezaye kuthibitisha kwamba mbwa aliyechanjwa ndiye huyu.

Hatua ya tatu ni kupima damu. Zikipita siku zisizopungua 30 baada ya chanjo, daktari hutoa damu kidogo na kuipeleka katika maabara iliyokubaliwa na Umoja wa Ulaya. Huko huangalia kama chanjo imezaa kinga ya kutosha. Kipimo kisipungue yuniti 0.5 katika mililita moja.

Hatua ya nne ni kungoja. Yapasa kungoja miezi 3 tangu siku ile damu ilipotolewa. Kumbukeni, hesabu huanza siku damu ilipotolewa. Siku majibu yalipokuja haihesabiwi.

Hatua ya tano ni cheti cha afya. Cheti hiki hutiwa sahihi na daktari wa mifugo wa serikali, nacho kisizidi siku 10 kabla ya kufika Ulaya. Pamoja nacho, uliza kwa wizara inayoshughulikia mifugo habari za kibali cha kumtoa mnyama nchini.

Sasa turudi kwa mama yetu wa Moshi. Simba alichanjwa Februari bila chipu. Chanjo ile inamkinga kweli, wala haikuwa kazi bure, lakini kwa safari ya Ulaya haihesabiwi. Basi mama anaanza upya. Tufanye hesabu.

Tarehe 1 Julai: chipu, kisha chanjo.
Tarehe 1 Agosti: damu inatolewa. Siku 31 zimepita.
Agosti, Septemba, Oktoba: miezi 3 ya kungoja.
Tarehe 1 Novemba: muda umetimia.

Tuseme wanasafiri usiku wa tarehe 4 Novemba na kufika Frankfurt tarehe 5. Hesabuni siku 10 kurudi nyuma kutoka tarehe 5 Novemba. Mnapata tarehe 26 Oktoba. Basi cheti kisitiwe sahihi kabla ya siku hiyo.

Jibu la swali letu mmekwisha lipata. Tarehe 1 Septemba Simba hawezi kusafiri, hata kama mama ana fedha nyingi namna gani. Siku haziuzwi dukani. Binti alinunua tikiti kwanza, akauliza habari za mbwa baadaye. Sasa yampasa kulipa ili kubadili tarehe, au mama atangulie peke yake. Naye akitangulia, kuna sheria nyingine: mnyama na mwenyewe wasiachane kwa zaidi ya siku 5. Wakiachana zaidi ya hapo, Simba atahesabiwa kama mnyama wa biashara, na sheria zake ni nyingine, ngumu zaidi.

Neno jingine. Chanjo ina tarehe ya kwisha. Daktari akichoma chanjo ya pili kabla ya tarehe hiyo, kipimo cha damu kinaendelea kuwa halali. Ukichelewa, damu itapimwa tena na miezi 3 itaanza upya. Ziandike tarehe hizi ukutani.

TARAKIMU 15

Sasa nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo kila mmoja wenu aweza kulifanya. Cheti cha afya huandikwa kwa Kiingereza na kwa lugha ya nchi unayofikia. Labda hujui Kiingereza, wala Kijerumani. Lakini tarakimu unazijua! Namba ya chipu lazima iwe ile ile mahali pote: kwenye kifaa cha daktari, kwenye kadi ya chanjo, kwenye majibu ya maabara, na kwenye cheti cha afya. Ikiwa mahali pamoja 6 imeandikwa 9, afisa wa kule mbali hatajua kama cheti ni cha Simba au cha mbwa mwingine.

Basi usiondoke kwa daktari kabla ya kukagua. Weka karatasi zote mezani. Soma tarakimu moja moja kwa kidole, mpaka zitimie 15. Kisha kagua tarehe: chipu, chanjo, damu, sahihi. Usione haya, wala usiogope koti jeupe. Daktari mwema atafurahi kusahihisha hapo hapo, maana kosa hilo likionekana kiwanjani Frankfurt halitasahihishwa kwa kalamu.

Mkiuliza kwa nini nasisitiza hivi, nitawaambia. Mnyama akifika na karatasi zenye kasoro, wakubwa wa kule wana njia tatu. Waweza kumrudisha alikotoka. Waweza kumtenga karantini mpaka atimize masharti. Na kama hayo mawili hayawezekani, sheria inawaruhusu kumwua. Gharama zote ni juu ya mwenye mnyama. Kosa la tarakimu moja laweza kumfikisha Simba huko.

NJIA TATU ZA KUPANDA

Mnyama hupanda ndege kwa njia tatu. Ya kwanza ni pamoja nawe, ndani ya mfuko chini ya kiti cha mbele yako. Hii ni kwa mbwa mdogo au paka tu. Mashirika mengi ya Ulaya yameweka mpaka wa kilo 8, mnyama pamoja na mfuko wake. Tena nafasi ni chache katika kila ndege, kwa hiyo omba mapema. Watu wengi wa pwani wapenda paka, na njia hii yawafaa.

Ya pili ni katika chumba cha chini cha ndege, akihesabiwa kama mzigo wa abiria. Msidhani anawekwa gizani bila pumzi. Chumba kinachochukua wanyama kina hewa, na joto lake huangaliwa.

Ya tatu ni kama shehena, kwa hati yake mwenyewe. Mbwa wakubwa wengi husafiri hivyo. Na nchi nyingine hazikubali njia isipokuwa hii. Uingereza, kwa mfano, mbwa na paka wanaofika kwa ndege huingia kama shehena, isipokuwa mbwa wa kuwasaidia vipofu na walemavu wengine. Tena mbwa wa kwenda Uingereza, Ireland, Finland, Malta au Norway apewe dawa ya tegu na daktari, kati ya saa 24 na saa 120 kabla ya kuingia.

Kila shirika lina sheria zake. Emirates, shirika la Dubai, halichukui mbwa wala paka pamoja na abiria. Lakini huruhusu kozi, yule ndege wa kuwindia, katika safari za Dubai na miji fulani ya Pakistan! Waarabu wa Ghuba huwaheshimu sana kozi. Tangu mwaka 2002 Umoja wa Falme za Kiarabu umekuwa ukiwapa pasipoti zao wenyewe. Basi usiseme, "Jirani yangu alifanya hivi, nami nitafanya hivyo hivyo." Uliza shirika lako.

Na mwenye kasuku wa kijivu asikilize. Ndege huyo analindwa na mapatano ya mataifa juu ya wanyama walio hatarini, na tangu mwaka 2017 amewekwa katika daraja la ulinzi mkali kabisa. Kumchukua nje ya nchi bila vibali ni kosa la jinai, hata kama umemlea tangu kinda.

KUPIMA SANDUKU

Sasa hesabu ya sanduku. Mashirika ya ndege ya dunia yana chama chao, IATA, kilichoanzishwa mwaka 1945. Chama hicho kimetoa kanuni za kuwachukua wanyama hai. Kanuni kubwa ni hii: ndani ya sanduku mnyama aweze kusimama, kukaa, kugeuka, na kulala kama kawaida yake.

Chukua utepe wa fundi cherehani. Mpime mbwa akiwa amesimama.

Kipimo A, kutoka pua mpaka shina la mkia. Tuseme Simba ana sentimeta 70.
Kipimo B, kutoka chini mpaka kiwiko cha mguu wa mbele. Sentimeta 30.
Kipimo C, upana wa mabega. Sentimeta 20.
Kipimo D, kutoka chini mpaka juu ya kichwa, au ncha ya masikio kama yamesimama. Sentimeta 60.

Urefu wa ndani ni A pamoja na nusu ya B: 70 na 15, jumla 85. Upana ni C mara mbili: 40. Kimo ni D, 60, tena ongeza unene wa matandiko. Mbwa mwenye pua fupi, iliyobonyea, huhitaji sanduku kubwa zaidi kwa sehemu moja katika kumi. Mashirika mengi hukataa kabisa kuwachukua mbwa wa namna hiyo chini, maana hupata taabu ya kupumua.

Sanduku liwe imara, lisivuje, liwe na matundu ya hewa, na chombo cha maji kinachojazwa kutoka nje. Juu yake huandikwa maneno ya Kiingereza LIVE ANIMALS. Maana yake ni wanyama hai. Mwalimu, yaandike ubaoni, wanafunzi wayanakili.

Mzoeze mnyama sanduku wiki nyingi kabla ya safari. Ale humo, alale humo. Usimpe chakula kingi karibu na kuondoka. Wala usimpe dawa ya usingizi kwa kumwonea huruma. Dawa hiyo yaweza kumdhoofisha pumzi na moyo akiwa angani, ambako hakuna wa kumsaidia, na mashirika mengi humkataa mnyama aliyeleweshwa.

GHARAMA

Je, ni fedha ngapi? Kwa mnyama mdogo chini ya kiti, nitawapa mfano wa Marekani. Katika safari za ndani, mashirika makubwa ya huko yametoza katika miaka ya karibuni dola 95 mpaka 150 kwa safari moja. Kwenda na kurudi ni mara mbili. Mara nyingi mfuko wa mnyama huhesabiwa kuwa ndio mzigo wako wa mkononi. Na kwa anayempeleka mbwa Marekani kutoka nje, tangu tarehe 1 Agosti 2024 ilitakiwa mbwa awe na umri wa miezi 6 na awe na chipu, tena yako masharti zaidi kwa anayetoka nchi zenye kichaa cha mbwa.

Kwa shehena, hesabu hubadilika. Shirika hupima uzito, kisha hupima nafasi, na hutoza kwa kile kilicho kikubwa. Chukueni kalamu. Tuseme sanduku la Simba kwa nje lina urefu wa sentimeta 90, upana 45, na kimo 70.

90 mara 45 ni 4,050.
4,050 mara 70 ni 283,500.
283,500 gawanya kwa 6,000 ni 47.25.

Simba pamoja na sanduku wana kilo 28 tu katika mizani. Lakini mama atalipa kwa kilo 47 na robo, au zaidi kidogo, kwa sababu sanduku limekula nafasi hiyo. Tena wanyama hai mara nyingi hutozwa bei ya juu kuliko mizigo ya kawaida. Ongeza hapo chipu, chanjo, kutoa damu, kupeleka damu maabara, cheti, sanduku, na ada za kule wanakofika. Jumla yaweza kupita tikiti ya mama mwenyewe.

Kabla ya kulipa, uliza shirika maswali haya matano, na uandike majibu: Mwachukua mnyama wangu? Kwa njia gani? Kwa bei gani jumla? Sanduku la namna gani? Na kama tukibadili ndege njiani, nchi ile ya katikati yataka karatasi gani?

Ndugu wanafunzi, mama wa Moshi sasa ana hesabu yote mbele yake. Aweza kungoja mpaka Novemba aende na Simba. Au aweza kumwachia mpwa wake anayempenda, nyumba ile ile, migomba ile ile, na kutuma fedha za chakula chake. Mbwa wa miaka sita aliyezoea shamba huenda asifurahi ndani ya nyumba ya ghorofa, wakati wa theluji. Wala mama naye si mtu wa kukaa peke yake ugenini bila rafiki. Mimi sitamwamulia. Lakini nafurahi kwamba sasa ataamua akijua siku na fedha zinazotakiwa.

KAZI YA DARASA

1. Chipu na chanjo, kipi hutangulia? Kwa nini?
2. Damu ya paka imetolewa tarehe 10 Machi. Ataweza kusafiri kwenda Ulaya kuanzia tarehe gani?
3. Sanduku lina urefu wa sentimeta 60, upana 40, na kimo 50. Shirika litahesabu kilo ngapi za nafasi?
4. Jadilianeni: mama amchukue Simba, au amwache? Kila mtu atoe sababu yake.

Andikeni majibu kwenye madaftari, na mwalimu ayasahihishe.